Korti Ikimfungua Mdaiwa, Je, Deni Limeondoka?

Katika miji yetu ya pwani, maiti akishatengenezwa na kuwekwa mbele ya safu ili asaliwe, husimama mmoja katika jamaa zake akawaambia waliohudhuria kwamba mwenye kumwia marehemu na awaendee warithi, na mwenye kuweza kumsamehe na amsamehe. Maneno haya tumeyasikia mara nyingi hata masikio yetu yameyazoea, na huenda wengi wetu tukayadhania kuwa ni ada ya mazishi kama ada nyingine. Sivyo. Asili yake ni jambo zito. Mtume (rehema na amani za Mwenyezi Mungu zimshukie) aliletewa jeneza, akauliza kama maiti yule alikuwa na deni. Alipoambiwa kuwa anawiwa dinari chache na hakuacha cha kulipia, akawaamuru Masahaba wamsalie wao, na yeye mwenyewe akajizuia, mpaka Abu Qatada aliposema kuwa deni lile ni juu yake. Hapo ndipo Mtume aliposali. Na katika Sahihi ya Muslim imepokewa kuwa shahidi husamehewa kila kitu isipokuwa deni.

Basi sisi tunaojua kumsimamia maiti, mbona hatuna ada ya kumsimamia mdaiwa aliye hai? Akifa huulizwa madeni yake mbele ya watu wote kwa upole na heshima. Angali hai, akishindwa, hupita njia za uchochoroni ili asionane na anayemwia, na huacha kusali jamaa katika msikiti wa mtaa wake kwa sababu anayemwia husali safu ya mbele.

Tumeyafikiri haya kwa sababu ya suala lililoletwa katika darasa yetu. Mtu mmoja alikuwa na duka la chakula. Alikuwa akichukua mchele, unga, sukari na mafuta kwa wenye maduka ya jumla, wengine wakimwamini kwa hati na wengine kwa neno tupu. Biashara ikamgeuka, akafunga. Akaenda kortini akatangazwa kuwa amefilisika, mali yake ikauzwa, waliomwia wakagawana kilichopatikana, nacho hakikufika hata robo ya madai yao. Miaka mitatu ikapita, sheria ikamfungua. Leo Mwenyezi Mungu amemkunjulia tena riziki. Akauliza: Je, wale wenye maduka ya jumla bado wananiwia, au deni limekwisha?

Mwenzetu mmoja akajibu upesi kwamba korti imeshamfungua na hapana tena la kusema. Mwingine akajibu kwa upesi uleule kwamba dawa ya deni ni kulipa. Sisi twaona kuwa majibu yote mawili yametolewa kabla ya suala kueleweka, na kwamba suala lenyewe si la mtu mmoja, kwani katika miaka hii wafanyao biashara ndogo ndogo wanaojikuta mlangoni pa korti wanazidi, na wengi wao ni watu wa sala na saumu.

Yafaa kwanza tujue sheria ya nchi yasema nini. Kenya iliiacha sheria ya kufilisi iliyorithiwa kutoka zama za Waingereza, ikatunga Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015. Ile ya zamani ilimtazama aliyefilisika karibu na jicho la kumtazama mkosaji. Hii mpya yataka kwanza kutazama kama biashara yaweza kuokolewa kabla haijazikwa. Kwa hivyo kampuni iliyoelemewa yaweza kuwekwa chini ya msimamizi, na wadai wakazuiwa kwa muda wasiivamie. Na mtu binafsi aweza kupatana na wanaomdai alipe kwa mafungu, au alipe sehemu na sehemu asamehewe, wakubali wengi wao. Aliye maskini kabisa, asiye na mali ya kuuzwa, na madeni yake ni baina ya shilingi 100,000 na 400,000, amewekewa njia nyepesi zaidi ambayo baada ya miezi kumi na miwili humtoa katika madeni yale. Na yule aliyetangazwa kufilisika, miaka mitatu baada ya kuweka orodha ya mali na madeni yake, hufunguliwa na sheria yenyewe asipokuwako mwenye kupinga, na madeni yale hayadaiwi tena kortini. Lakini deni lililopatikana kwa hila na udanganyifu halifunguliwi, wala masurufu ya mke na watoto aliyoamriwa kuyatoa.

Hatuoni haya kusema kwamba katika mengi ya haya kuna insafu. Aliyeanguka hakufanywa mtumwa wa anayemwia maisha yake yote. Na mwenye kujua historia ya fiqhi atakumbuka kuwa jambo hili si geni kwetu: wanavyuoni walizungumza juu ya muflisi na kuzuiliwa kutumia mali yake karne nyingi zilizopita, wakahitilafiana humo. Imamu Abu Hanifa hakuona kuwa kadhi ana haki ya kumzuia mtu mzima mwenye akili asitumie mali yake kwa sababu ya deni, kwani aliona kumvunjia mtu utu wake ni dhara kubwa kuliko dhara ya deni. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, wakamkhalifu, na madhehebu yetu ya Shafii yako pamoja na wenye kuzuia. Hata katika kumwachia muflisi nyumba yake walihitilafiana. Sisi Mashafii twasema nyumba huuzwa, na Mahanbali wasema huachiwa aishiyo humo. Huu ni upana wa dini ambao aghalabu husahauliwa na wale wasemao kuwa Uislamu haukuacha nafasi ya kufikiri.

Sasa tuje kwenye asili ya hukumu. Katika aya ya 280 ya Suratul Baqara, Mwenyezi Mungu ameamrisha kwamba mdaiwa akiwa katika dhiki angojewe mpaka apate wepesi, na akaeleza kuwa kumfanyia deni lile sadaka ni kheri zaidi. Mambo mawili yamo humo, na hayako daraja moja. Kumngojea mwenye dhiki ni wajibu. Haki hiyo si hisani ya tajiri, bali ni amri, na mwenye kumsumbua mtu anayejua hakika kuwa hana kitu anafanya dhambi. Kumsamehe ni sunna. Na wanavyuoni wakastaajabia kwamba hapa ni mahali pachache ambapo sunna imeipita wajibu kwa ubora. Lakini, na hili ndilo litakalotuamulia suala letu, huko kusamehe kumewekwa mkononi mwa mwenye mali. Aya haikusema kuwa deni hufutika kwa dhiki. Imesema dhiki huondoa madai, na mwenye kuondoa deni ni mwenyewe.

Imepokewa na Muslim kutoka kwa Abu Said al-Khudri kwamba mtu mmoja alinunua matunda, matunda yakapatwa na maafa, madeni yake yakawa mengi. Mtume (S.A.W.) akawaamuru watu wamtolee sadaka. Wakatoa, isitoshe. Akawaambia waliokuwa wakimdai wachukue walichokikuta, na kwamba hawana zaidi ya hicho. Baadhi ya watu huishika hadithi hii wakasema: tazameni, Mtume mwenyewe amelifuta lililobaki. Na lau ingekuwa hivyo, muulizaji wetu angerejea nyumbani na moyo mtulivu. Lakini waliyoyafahamu wanavyuoni walio wengi ni kuwa hawana zaidi ya hicho kwa wakati ule: hawana haki ya kumfunga, wala kumfuata kila aendako, wala kumlazimisha auze alichojisitiri nacho. Lililobaki likabaki katika dhima yake, likingoja siku ya wepesi.

Kwa hivyo jawabu letu kwa yule mtu lilikuwa kwamba sheria imefunga mlango wa korti, na yeye hana lawama kwa kuutumia mlango huo wakati wa dhiki yake. Lakini dhima yake mbele ya Mwenyezi Mungu haikufungwa pamoja nao. Aliyekuwa mwenye dhiki sasa ni mwenye wepesi. Waliomwia wana haki, na haki hiyo haidaiwi na wakili, inadaiwa na imani yake.

Hapo ndugu mmoja katika darasa alituletea hoja ambayo hatuwezi kuipita kwa dharau. Alisema: Mfanya biashara yeyote katika Kenya aijua sheria hii, au yampasa kuijua. Anapomkopesha mtu bidhaa ajua kuwa mtu huyo akifilisika, baada ya miaka mitatu atafunguliwa. Na kanuni yetu ya fiqhi yasema kuwa lililojulikana kwa desturi ni kama lililowekewa sharti. Basi mwenye duka la jumla amekopesha kwa sharti hilo, na amekwisha kusamehe tangu siku ya kwanza.

Hoja hii ina nguvu, nasi tuliizungusha kwa nyusiku mbili. Tulichokiona ni hiki. Mwenye kukopesha hapa amekubali kuwa huenda akazuiwa kudai. Hakukubali kutoa zawadi. Kukubali hatari si kusamehe. Mtu apandaye jahazi ajua kuwa huenda likazama, wala hatusemi kuwa amekwisha kuipa bahari mali yake. Na mali ya Mwislamu haiwi halali kwa mwingine ila kwa kuridhika nafsi yake, na nafsi ya mwenye duka la jumla aliyepata robo ya haki yake hatukumwona yeyote akaiuliza kama imeridhika. Serikali ina haki, kwa ajili ya maslaha ya watu wote, kusema kuwa korti zake hazitasikiliza madai fulani. Lakini kusamehe mali isiyokuwa yake, hilo halimo katika uwezo wa yeyote. Ndugu yule hakukinai, nasi hatukumlazimisha. Tumeiandika hoja yake ili msomaji aipime.

Yako mambo mawili tuliyomwongezea muulizaji kwa ajili ya uadilifu. La kwanza, kwamba katika madhehebu yetu mtu aliyekwisha kugawanywa mali yake halazimishwi kuchuma au kujiajiri ili alipe baki, isipokuwa kama deni lile alilipata kwa maasi. Kwa hivyo miaka ile alipokuwa akipata chakula cha siku tu hakuwa na dhambi ya kutolipa. La pili, kwamba kama alikuwa akiwiwa na benki kwa riba, kinachobaki katika dhima yake ni rasilmali aliyoipokea, wala si riba iliyojengwa juu yake.

Katika mambo haya Waislamu wa pwani hawana korti ya kuwahukumu kwa sharia yao. Korti za Kadhi, kwa Katiba ya 2010 kifungu cha 170, husikiza mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu binafsi, baina ya Waislamu walioridhia. Deni baina ya wawili walio hai halimo. Likiingia huko huingia kwa mlango wa mirathi, yaani mdaiwa akishakufa! Kwa hivyo fiqhi yote ya muflisi tuliyoisoma kwa mashekhe zetu imebaki katika mioyo ya watu na katika sulhu za wazee. Tusipoihifadhi huko, hapana pengine itakapohifadhiwa.

Na katika kuihifadhi tusiwe na jicho moja. Si kila asiyelipa ni mwenye dhiki. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa kuchelewesha kulipa kwa mwenye uwezo ni dhulma, na mtu wa namna hii tunamjua sote. Duka limefungwa, lakini nyumba imekwisha andikwa jina la mke miezi michache kabla, gari ni la shemeji, na bidhaa zilizobaki zimehamishwa usiku kwa ndugu. Kisha huja msikitini akaisoma aya ya kungojewa mwenye dhiki kwa sauti nzuri. Sheria ya nchi imempa mfilisi uwezo wa kuzirudisha mali zilizotolewa kwa hila kama hizo, na fiqhi yetu haikuwa ikilala katika jambo hili: madhehebu yetu yasema kwamba mtu ambaye deni lake limetokana na mali aliyoipokea, kama bidhaa au mkopo, hakubaliwi kwa neno lake kuwa hana kitu, hana budi kuleta mashahidi wanaoijua hali yake ya ndani. Ama ambaye deni lake halikutokana na mali aliyoipokea, huaminiwa kwa kiapo. Tofauti hii ni ya akili sana, kwani aliyepokea gunia mia za mchele jana yapasa aeleze leo zimekwenda wapi.

Jela ya madai nayo ingaliko nchini, na muda wake hauzidi miezi sita. Sheria imeshurutisha korti ione kwamba mdaiwa ana uwezo au alikuwa nao akakataa, au kwamba aficha mali au ataka kutoroka. Na Kenya tangu 1972 imo katika mkataba wa mataifa wa 1966 unaokataza kumfunga mtu kwa sababu tu ya kushindwa kutimiza ahadi ya mkataba. Mpaka huu ni uleule wa fiqhi: mwenye uwezo akaidiye hufungwa, asiye na kitu huachwa. Lakini mwia mwenye hasira hautazami mpaka, naye hutaka mtu afungwe ili jamaa zake waone haya walipe. Tusiifanye aibu ya mama mzee kuwa rehani.

Tumesema mengi juu ya mdaiwa. Anayemwia naye ana hesabu yake. Waarabu wa zama za ujahili, deni likifika muda wake na mdaiwa hana, walikuwa wakimwambia alipe au azidishe. Hiyo ndiyo riba iliyoteremshiwa aya kali kuliko makosa mengine mengi. Leo mtu aliyeshindwa huitwa benki, akaambiwa kwa maneno ya adabu kwamba mkopo wake utapangwa upya: muda utarefushwa, mafungu yatapunguzwa, na riba iliyokwisha kupita itaongezwa katika rasilmali ili nayo izae. Hutoka akishukuru. Lakini tuulize, muhula huu una tofauti gani na ule wa Makka? Mwenye dhiki ameuziwa subira ambayo Mwenyezi Mungu aliamrisha apewe bure. Bunge la Kenya lenyewe liliona ubaya wa jambo hili lilipoweka katika Sheria ya Mabenki, tangu 2007, kwamba mkopo ukishakuwa haulipwi, riba ambayo benki yaweza kudai juu yake isizidi ile rasilmali iliyokuwa imebaki. Yaani deni lisipite maradufu. Haya ni afadhali kuliko kuachiwa lisipokoma, na aliyeshindwa anayedaiwa zaidi ya hapo yampasa ajue haki yake. Lakini kiasi hicho bado ni maradufu, na Qur'ani imeiharimisha riba kidogo chake na kingi chake.

Wala tusijidanganye kwa jina. Mabenki yaendayo kwa sharia yalifunguliwa nchini mwaka 2008, nasi tuliyafurahia na twayafurahia. Ila mteja wao naye hushindwa, na hapo ndipo penye mtihani. Wanavyuoni wameonya juu ya kumgeuzia mdaiwa deni lake kwa kumwuzia kitu kipya kwa bei kubwa zaidi, ili kwa fedha ile alipe deni la kwanza, likabaki la pili lililo kubwa kuliko lile. Sura ni ya biashara, na roho ni ile ile ya alipe au azidishe. Mwenye akaunti huko ana haki ya kuuliza kwa adabu aliyeshindwa hupewa muhula wa namna gani.

Katika Novemba 2022 palitokea jambo nchini lililotukumbusha hadithi. Benki Kuu ilitangaza mpango juu ya mikopo midogo ya simu, ile ya siku thelathini au chini yake, ambayo wenyewe walikuwa wameshindwa kuilipa. Waliokuwa wamekwama humo walikadiriwa kupita milioni nne. Wakopeshaji waliokuwa katika mpango huo wakaelekezwa wapunguze deni angalau kwa nusu, na mdaiwa alipe nusu iliyobaki kabla ya mwisho wa Mei 2023, asibaki na jina baya katika madaftari ya wakopeshaji. Hatusemi kuwa mpango huo ulikuwa wa kisharia, kwani mikopo yenyewe mingi ilikuwa ya riba. Lakini tazameni hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim. Kaab bin Malik alikuwa akimdai Ibn Abi Hadrad, wakagombana ndani ya msikiti mpaka sauti zao zikamfikia Mtume (S.A.W.) nyumbani kwake. Akafunua pazia, akamwita Kaab, akamwashiria kwa mkono apunguze nusu. Kaab akakubali papo hapo. Kisha akamgeukia yule mwingine akamwambia asimame alipe.

Sisi twaona kuwa hadithi hii ina darasa nzima ndani yake. Mtume hakumwamuru Kaab kwa hukumu, alimwombea. Naye alitoa kwa radhi. Na aliyepunguziwa hakuachwa aende akafikirie. Aliambiwa asimame alipe saa ile. Punguzo limefungamana na kulipa, na subira imefungamana na ukweli. Sulhu za wazee wetu aghalabu huharibika hapa: mwenye haki hubembelezwa apunguze, akapunguza kwa kuona haya mbele ya watu, kisha nusu iliyobaki nayo isilipwe, na wazee wasiulize tena.

Habari ya wakopeshaji wa simu yatukumbusha ubaya mwingine. Walikuwako kati yao waliokuwa wakichukua majina yote yaliyomo katika simu ya mdaiwa, wakampigia mwalimu wake, mkwewe na imamu wake kuwaambia kuwa fulani ni mwizi. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zimekataza jambo hilo, pamoja na matusi na vitisho. Lakini tujihesabu na sisi: mwenye duka abandikaye orodha ya wadaiwa ukutani, wengine wakiwa wajane, amefanya nini tofauti?

Katika kufilisika kwa makampuni makubwa tutapita kwa upesi, ila jambo moja halituachi. Nakumatt, ambayo maduka yake yalikuwa hata hapa Mombasa, iliwekwa chini ya msimamizi mwezi wa Januari 2018, na mwanzo wa 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Katika maanguko ya namna hii mwenye rehani hutangulia, na mara nyingi rehani ya benki imeenea juu ya bidhaa zote ziingiazo dukani na zitokazo. Aliyeleta mikate jana, na mikate ingali juu ya rafu na hajalipwa senti, husimama nyuma. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba mwenye kukuta mali yake kwa dhati yake kwa mtu aliyefilisika, yeye ana haki nayo zaidi kuliko wengine, na madhehebu yetu yamelishika hilo kwa masharti yake: kiwe hakikubadilika, thamani haikulipwa, na haki ya mwingine, kama rehani, haikufungamana nacho. Sharti hili la mwisho ndilo linalotumiwa leo kumnyang'anya yule wa mikate. Rehani walioizungumza wanavyuoni wetu ni ya kitu kilichojulikana na kukabidhiwa. Hii ya kuzizingia bidhaa ambazo bado hazijaletwa yataka kutazamwa upya na wenye elimu kuliko sisi.

Limebaki fungu ambalo Mwenyezi Mungu ameliwekea wadaiwa katika zaka, na limetajwa katika aya ya 60 ya Suratut Tawba kama lilivyotajwa la mafakiri na masikini. Tumeuliza katika misikiti kadha ya mji wetu, na hatukupata kamati hata moja iliyokuwa na daftari la wadaiwa. Zaka hutolewa kwa mafungu ya unga na noti za kugawia mlangoni katika mwezi wa Ramadhani, na mtu ambaye shilingi elfu arubaini zingemtoa katika fedheha hupewa unga. Tena wako matajiri wamwambiao mdaiwa: Nimekusamehe, iwe ndiyo zaka yangu. Kauli iliyo na nguvu katika madhehebu yetu ni kuwa hiyo haitoshi kuwa zaka. Ampe zaka mkononi, naye akitaka amrudishie kuwa ni malipo ya deni, bila kushurutishana. Na mwenye kutaka kumlipia mdaiwa kwa zaka moja kwa moja kwa anayemwia, na amtake idhini mdaiwa kwanza.

Muulizaji wetu alirudi baada ya wiki mbili na karatasi yenye majina manane. Wawili katika wenye majina hayo wamekwisha kufa, na warithi wa mmoja wao wako Lamu. Alitaka afuatane na watu, kwani aliona haya kwenda peke yake kwa watu aliokuwa akiwakwepa miaka mitano. Watatu katika sisi walikwenda naye. Mwenye duka wa kwanza alimsamehe kabla hajakaa. Wa pili akasema ataka haki yake kamili, na akaanza kuhesabu kwa kalamu. Hatukumlaumu, kwani ni mali yake, na wakapatana mafungu ya mwezi kwa mwezi bila nyongeza. Wa tatu alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba mwaka ule alipokosa fedha zile alimtoa mwanawe katika skuli. Hapo hakuna aliyekuwa na la kusema. Amewekewa fungu lake mbele ya wengine, na waliobaki watano tutawaendea baada ya mfungo mosi, inshallah.

Darasa imefungua daftari la wadaiwa kwa ajili ya zaka ya mwaka huu. Linawekwa kwa siri, na mwenye shida au mwenye kumjua mwenye shida na aje baada ya sala ya isha, siku yoyote ya darasa.